Povu Kwenye Kikombe cha Marehemu

"Shemeji, hivi marehemu hajachoka na mvinyo?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu, Mzee Hosaka, amekaa barazani kwangu anabembeza miguu kama mtoto, mkononi ana kipande cha achari ya figili niliyompa.

Nilimtazama. Mzee Hosaka meno yake ya mbele si ya kwake, na masikio anayatumia akipenda. Alikuwa rafiki wa mume wangu tangu enzi wanaiba mapichi pamoja kwenye mashamba ya watu.

"Achoke vipi?" nikamwambia. "Aliyekufa hachoki."

"Nauliza tu." Akatafuna achari yake. "Kila siku mvinyo. Asubuhi mvinyo, sikukuu mvinyo. Hata mimi niliye hai ningeomba kubadilishiwa."

Nikamwambia amalize chai yake aende shambani kwake.

Kesho yake, marehemu mume wangu akanywa bia.

Umesoma vizuri. Tulia nikusimulie.

Naitwa Fukue. Ni mjane. Shule niliishia ya msingi, na shule yenyewe utaisikia huko mbele.

Huku kwetu Katsunuma ukiinua kichwa unaona zabibu, ukiinamisha unaona kivuli cha zabibu. Mvinyo tunaumimina kutoka kwenye machupa makubwa ya kukumbatia kama mtoto mchanga, tunaunywa kwenye vikombe vya chai. Watu wa Tokyo wakija wanaunusa kwanza, wanauzungusha, wanaufikiria. Sisi tunakunywa.

Mume wangu Sadamitsu alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa mtaa wetu, na alikuwa na adui mmoja tu duniani.

Bia.

"Bia ni supu ya mkate uliooza," alikuwa akisema kwenye kila mkutano, hata ule wa kusafisha mifereji. Watu walikuwa wanapiga makofi ili akae chini.

Sasa mtoto wetu wa pekee, Yoshiharu, akaenda mjini kutafuta maisha. Akarudi na ndevu, na ujuzi wa kutengeneza bia.

Siku aliyotangaza kwamba anafungua kiwanda kidogo cha bia, hapa hapa katikati ya mizabibu, baba yake alitoka nyumbani bila koti wala kuaga. Alirudi jioni uso mwekundu kama pilipili. Nikasema moyoni, hasira hizi zitamuua.

Akasimama mbele ya madhabahu yetu ya nyumbani, pale tunapowaombea waliotangulia, akatamka: "Mtu wa bia asisimame mbele ya madhabahu hii."

Baridi ilipoingia, moyo wake ukasimama akiwa shambani, mkasi wa kupogolea mkononi. Neno lake hakuwa amelifuta.

Mimi ni mtu wa dini. Neno la marehemu silichezei.

Kwa hiyo tangu siku hiyo mwanangu akija kunisalimia huishia kizingitini. Anasimama nje, anainamisha kichwa kuelekea ndani kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, anaondoka. Siku ya mazishi ya baba yake alichoma ubani akiwa barabarani, magari yanampigia honi.

Na sasa kumbukumbu ya mwaka wa tatu ilikuwa Jumapili. Mtawa angekuja kutoka hekaluni, ukoo mzima ungekaa kwenye mikeka, kila mtu angepita mbele kuchoma ubani wake. Mpaka mabinamu ambao marehemu hakuwa anawapenda.

Halafu mwanangu wa pekee angekuwa nje, analinda viatu vya watu.

Niliomba kila asubuhi, nikiwa nimepiga magoti na tasbihi mkononi: wewe mwanaume, nipe ishara, mwachie mtoto aingie.

Sasa sikiliza utaratibu wangu. Asubuhi nawasha ubani, nagonga kengele ndogo, namwekea kikombe chake cha chai kikiwa na mvinyo mweupe wa shamba letu. Jioni nakishusha. Kilichotolewa kwa marehemu hakimwagwi. Yeye akishashiba harufu, aliye hai humalizia. Kwa hiyo kila jioni nakunywa kikombe cha mume wangu, kwa heshima, na sijawahi kulalamika.

Siku ile nilirudi kutoka shambani mchana. Nikaingia chumbani.

Kikombe kilikuwa na povu.

Nikatazama dari. Dari kavu. Nikatazama picha ya marehemu. Marehemu alikuwa ananitazama kama mtu aliyesingiziwa.

Nikanusa. Bia.

Nyumba za huku hatufungi kwa ufunguo. Jirani anaingia, anaacha boga mlangoni, anaenda zake. Lakini anayeacha boga haondoki na mvinyo wa maiti.

Nikakinywa. Usinikunjie uso, ningemwaga? Ilikuwa nyepesi, tamu kwa mbali, na mwishoni ulimi ukabaki na ladha ya bati.

Nikakaa chini nikawaza. Mawili.

Kama marehemu mwenyewe ndiye aliyeugeuza mvinyo ule, basi ishara yangu imekuja. Amelifuta neno, mwanangu ataingia kwa mguu wa amani.

Lakini kama ni Yoshiharu aliyenyemelea akaweka bia yake mbele ya baba yake, basi amelikanyaga neno la mfu, tena wiki ya kumbukumbu yake. Hapo nisingeweza kumtetea mbele ya ukoo wala mbele ya nafsi yangu.

Nitajuaje? Kwa ulimi. Kama ladha ile iko kiwandani kwake, ni yeye.

Sikuwa nimewahi kukanyaga kiwandani kwa mwanangu. Nikavaa nguo zangu za hekaluni. Kikombe cha marehemu nikakifunga vizuri kwenye kitambaa. Halafu nikaitoa picha yake ukutani, fremu na kioo chake, nikaibeba kifuani.

Picha ya nini? Mwanamke mwenye heshima zake haendi kunywa bia peke yake.

Kiwanda kiko kwenye ile shule yangu ya msingi. Watoto kijijini waliisha, shule ikafungwa, mwanangu akaikodi. Mapipa makubwa ya chuma yamesimama kwenye ukumbi wa mazoezi kama wanafunzi waliochelewa. Wanywaji wanakaa darasani, kwenye madawati yale yale, magoti yamefika masikioni. Ubao upo bado, na juu yake bia zimeandikwa kwa chaki, kila moja na jina la somo.

Hisabati. Maadili. Muziki. Chakula cha Mchana. Adhabu. Likizo.

Mwanangu alikuwa kwenye meza ya mwalimu, anapangusa glasi. Aliponiona, kitambaa kikamdondoka. Alipoona nimebeba nani, akasogea nyuma mpaka ubaoni.

"Mama."

"Wawili," nikamwambia. "Mimi na baba yako."

"Mama, una homa?"

"Mmiminie baba yako kwanza. Nataka zote za ubaoni."

Darasani kulikuwa na wageni wa Tokyo, kundi zima, wale wanaozungushwa na basi kwenye mashamba ya mvinyo wakaishia kupotea njia. Nikamsimamisha marehemu juu ya dawati langu la zamani, lile la dirishani, nikamfungulia kikombe chake.

Yoshiharu akamimina.

Ya kwanza ilikuwa Maadili. Nyeupe, pole, haina makuu. Nikachukua kijiko nikagonga glasi, ting, kwa sababu kengele niliiacha nyumbani. Nikaunganisha viganja, nikafumba macho, nikamwacha marehemu ashibe harufu. Kisha nikanywa ya kwangu. Kisha nikashusha na ya kwake nikanywa.

Nikaonja mdomoni, nikafikiri.

"Siyo hii," nikasema.

"Siyo hii nini, Mama?"

"Lete nyingine."

Akaleta Hisabati. Ndugu zangu, ile bia ni chungu. Wanatia maua fulani machungu, mwanangu anasema ndiyo fasheni. Ting. Viganja. Ya kwangu, ya marehemu.

"Hii imepikwa na mtu mwenye kinyongo," nikamwambia.

"Watu wanaipenda, Mama."

"Hata mimi hesabu zilinishinda. Siyo hii."

Nikaona uso wake unashuka. Nilijua anadhani nazikataa bia zake, lakini sikuweza kumweleza kabla sijamaliza uchunguzi. Mshukiwa haelezwi.

Kwenye dawati la nyuma kijana mmoja wa Tokyo mwenye miwani akanyanyua mkono. Kabisa, kama mwanafunzi.

"Samahani, kaka. Hiyo ndiyo namna ya kunywa huku kwenu?"

Yoshiharu akanitazama. Akamtazama baba yake kwenye fremu. Mwanangu tangu utotoni hapendi ugomvi.

"Ndiyo," akasema.

Basi ikawa balaa. Ilipokuja Muziki, ile ya mapichi, darasa zima likashika vijiko. Ting, ting, ting. Wakaunganisha viganja, wakafumba macho. Kimya kikatanda mpaka ukasikia povu likipasuka. Watu wa mjini, wameinamisha vichwa mbele ya glasi kama wako kwenye ibada ya asubuhi.

Dada mmoja mwenye kofia akafungua jicho moja. "Shikamoo, bibi," akaninong'oneza. "Yule mzee kwenye picha ndiye mwanzilishi?"

Sasa hapo nilikuwa nimeshapita Muziki, yangu na ya marehemu. Ulimi ulikuwa mwepesi.

"Bila yeye," nikasema, "mahali hapa pasingekuwepo."

Na si uongo. Kichwa kigumu cha mwanangu amekitoa wapi?

Dada akasimama. "Jamani, kumbe yule ni mwanzilishi."

Darasa zima likasimama. Wakamgeukia mume wangu, mwenyekiti wa wakulima, mtu wa supu ya mkate uliooza, wakamwinamia mpaka viunoni.

"Kwa mwanzilishi," wakasema kwa pamoja, wakanywa.

Yoshiharu akajificha nyuma ya bomba la bia. Mabega yalikuwa yanamcheza, sikujua analia au anacheka. Mimi niliona kama picha imebadilika rangi, ila nilikuwa nimeshaanza Chakula cha Mchana, siwezi kuapa.

Chakula cha Mchana ni ya ngano, nzito, ina wingu ndani. Siyo hii.

Adhabu nyeusi tititi. Enzi zetu adhabu ilikuwa kusimama nje ya darasa umeshika ndoo ya maji kila mkono. Niliinywa nikasikia mikono inaniuma kabisa. Siyo hii.

"Mama, pumzika kidogo," mwanangu akasema.

"Sijapumzika darasani humu nikiwa mtoto, nitapumzika leo?"

"Basi nikupe nusu."

"Nipe nusu, umpe baba yako nusu. Mbona hisabati yako ndogo?"

Wageni wakacheka. Mmoja wao alikuwa anatandaza leso chini ya fremu ya marehemu asipate unyevu. Nikamwona mtoto wa watu ana malezi.

Ikabaki Likizo.

Rangi yake ilikuwa ya dhahabu inayoelekea waridi. Nikagonga, nikaomba, nikanywa. Nikasimamisha glasi hewani.

Niliijua ladha ile. Siyo ya kikombe cha madhabahuni. Nyingine. Niliijua tangu nilipoolewa.

"Umetia nini humu?"

"Maganda ya zabibu."

"Zabibu za nani?"

Akakuna ndevu. "Zetu, Mama. Mkishakamua mvinyo, maganda mnayatupa kwenye mboji. Baba mdogo Hosaka huwa ananiwekea kwenye banda lake, naenda kuyachukua. Kwako nisingeweza kuja kuomba."

Nikanywa tena. Lilikuwa shamba letu lile, upande wa juu, ule wenye mawe, ambako Sadamitsu alikuwa akiimba akidhani sisikii.

Mtoto kafukuzwa nyumbani, anaokota maganda ya nyumbani.

"Siyo hii," nikasema, na sauti ikanikatikia njiani.

Hapo Yoshiharu akaweka kitambaa mezani.

"Mama. Umekuja na Baba, umekaa mbele ya wageni wangu, umezikataa zote sita. Kama ni kunikomesha, nimekoma."

Ikabidi nimweleze. Povu, kikombe, ladha ya bati, yote. Nikamwangalia machoni jinsi anavyosikiliza. Macho ya mtoto uliyemzaa hayakudanganyi.

"Tamu kwa mbali?" akauliza.

"Kwa mbali."

"Nyepesi kama maji ya kuoshea mchele?"

"Hivyo hivyo."

Akavuta pumzi. "Mama, hiyo ni bia ya kopo. Ya kwenye ile mashine ya kuuzia vinywaji pale njia panda. Mimi chumba kile sijakanyaga, Baba alikataa." Kisha akajinyoosha, nikaona kidevu cha baba yake kile kile. "Na siku nikiingia, nitaingia na ya kwangu. Siendi kwa baba yangu na kopo."

Nilisimama. Nilirudi kwa miguu yangu mwenyewe, nimemkumbatia mume wangu. Mimi nilikwenda sawasawa. Barabara ndiyo iliyokuwa inayumba.

Sasa fumbo likawa zito zaidi. Kama siyo mwanangu, ni marehemu. Lakini marehemu anayekwenda mashineni kununua kopo? Hata mimi na imani yangu yote, hapo nilisita.

Jumapili nikaamka mapema. Nikawasha ubani, nikagonga kengele, nikaweka mvinyo. Nikasema kwa sauti kubwa, ili asikie mwenye masikio, "Haya, ngoja niende shambani kukata maua."

Nikafungua mlango wa nyuma nikaufunga kwa kishindo. Halafu nikavua viatu, nikarudi kwa ncha za vidole, nikajipenyeza kwenye kabati la magodoro pale chumbani. Nikasukuma mlango wake, nikaacha ufa wa kidole.

Mjane wa watu, mcha dini, nimejikunja katikati ya mablanketi napiga chabo madhabahu yangu mwenyewe. We acha tu.

Sikukaa sana. Nikasikia mlango wa mbele unasukumwa. Nyayo nyepesi. Kikohozi ninachokijua.

Mzee Hosaka.

Alikuwa kavaa suti yake nyeusi ya misiba, mifuko imetuna. Akapiga magoti mbele ya picha, magoti yakalia ko, ko. Akainama.

"Mwenzangu," akasema.

Akachukua kikombe cha mume wangu. Akaunywa mvinyo wote kwa pumzi moja, akakunja uso.

"Shemeji mwaka huu kakamua mapema. Mkali. Pole, nakusaidia."

Akatoa kopo mfukoni. Akalifungua polepole, tsss, akamimina kikombeni kwa kukiinamisha, povu lisizidi. Mkono wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

"Ya baridi. Kama bandani kwangu."

Nikaziba mdomo na blanketi.

"Nimejaribu kumdokeza juzi," akaendelea. "Nikamuuliza kama hujachoka na mvinyo. Akanifukuza. Sasa mwenzangu, leo ndiyo siku, na mwanao atakaa nje tena na viatu. Mimi roho inaniuma. Wewe ulilisema lile neno kwa hasira, na hasira yenyewe ulikuwa na makopo mawili tumboni. Ulitoka kwangu. Mimi ndiye niliyekumiminia."

Uso mwekundu kama pilipili.

"Kesho yake ukaniambia umekosea, utamwita mtoto mkishamaliza kupogoa. Hukumaliza." Akapangusa pua kwa mkono wa suti. "Na mimi nitamwambia nini shemeji? Kwamba ulilifuta? Ataniuliza ulilifutia wapi. Nitasema bandani. Ataniuliza mlikuwa mnafanya nini bandani. Nitasema nini, tulikuwa tunaomba dua?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Miaka yote ile ya mikutano, unaitukana bia halafu unakuja kwangu kuiomba msamaha."

Nikasukuma mlango wa kabati.

Mzee Hosaka aliruka nyuma, kopo likabingirika mkekani, mkono mmoja kifuani. Meno nusura yamtoke.

"Shemeji," akasema. "Uko kwenye magodoro?"

"Niko kwangu," nikamjibu. "Wewe uko wapi?"

Nikatoka kabatini, nikajikung'uta, nikachukua kitambaa nikafuta mkeka. Hasira zilinipanda, zikashuka, halafu nikahisi kitu kingine kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanaume niliyeishi naye maisha yangu yote, alikuwa anarudi kutoka bandani ananuka shayiri, na mimi nikidhani ni jasho la uongozi.

Nje nikasikia hatua. Yoshiharu, na suti yake, na sanduku la chupa mikononi. Kasimama pale pale kizingitini anapoishia siku zote.

"Mama, nimeleta za wageni. Nitakaa huku huku."

Nikamtazama. Nikamtazama baba yake ukutani. Neno la marehemu ni neno, sikubadilika. Nilikuwa nalitafutia njia tu.

Nikaitoa picha. Nikatoka nayo barazani, nikatandika mto wa kukalia, nikamketisha marehemu juu yake, karibu kabisa na rafu ya viatu.

"Mama, unafanya nini?"

"Baba yako alisema mtu wa bia asisimame mbele ya madhabahu," nikamwambia. "Nalitii neno lake. Nimeanza na mwenyewe. Akae hapa alinde viatu."

"Baba? Mtu wa bia?"

"Muulize baba yako mdogo, anameza mate pale ndani."

Mwanangu akachungulia. Akaliona kopo. Akamwona Mzee Hosaka anatazama dari. Taratibu, taratibu, akaelewa, na uso wake ukafunguka nikamwona mtoto wangu wa miaka sita.

"Ya kopo," akasema. "Baba alikuwa anakunywa ya kopo?"

Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Amri hufuata aliyeitoa," nikamwambia. "Yeye yuko barazani, na amri yake iko barazani. Ndani hakuna amri. Vua viatu uingie."

Akavua. Akaingia. Akapiga magoti mbele ya madhabahu, akachoma ubani wake. Mimi nikashusha kikombe nikaimalizia ile ya kopo, yeye akafungua chupa ya Likizo, akamimina kwenye kikombe cha chai cha baba yake.

Mtawa alipofika na ukoo ukajaa, aliona mahali pa picha ni peupe. Akauliza kwa upole tuelekee wapi.

"Barazani," nikasema. "Amepata adhabu kidogo."

Mtawa wetu ni mtu wa hekima. Aligeuza mto wake, akaanza kuomba.

Ndugu mnaosoma, niseme langu. Neno alilolitupa mtu kwa hasira msilipe kiti cha heshima nyumbani, mkaliwekea ubani na kulipigia magoti. Kwanza ulizeni mwenyewe alikuwa ametoka wapi jioni ile, na alikuwa amekunywa nini. Mimi ningeuliza mapema, mtoto wangu asingesimama juani.

Na mkipita Katsunuma mkaona watu kwenye ile shule wanagonga glasi na kuinamisha vichwa, msicheke. Nanyi gongeni.

Sala ilipoisha, Yoshiharu akapita na Likizo, vikombe vya chai vikajaa, mpaka vya wale mabinamu. Tukavinyanyua kimya kimya, kama inavyotakiwa. Mzee Hosaka peke yake alikuwa hajashika cha kwake.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe hunywi?"

Alitazama kile kikombe. Akatazama nje, ambako upepo ulikuwa unaitikisa fremu juu ya mto wake, pembeni ya viatu vya ukoo mzima.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa pili wa suti, akatoa kopo la mwisho. Akanyanyuka, magoti yakalia ko, ko, akaniinamia, akatoka kwenda barazani kukaa na mwenzake.